Barua ya Wazi kwa Wadhamini wa Texas A&M, Kuhusu Mtalaka Wao na Masurufu Yake

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi ya Wadhamini,
Chuo Kikuu cha Texas A&M,
College Station, Texas.

Houston, Disemba 2023

Waheshimiwa,

Kwa taadhima iwapasayo watu tisa walioteuliwa na gavana wa jimbo kulinda amana ya chuo kilichofungua milango yake mwaka 1876 ili kufundisha kilimo na ufundi wa mitambo, naomba idhini ya kunena kidogo juu ya jambo ambalo si kilimo wala si mitambo, nalo ni habari ya mwalimu wenu wa mpira. Mimi ni mtu wa Tanga, niliyekuja Houston kumjulia hali mpwa wangu aliyesoma kwenu, na wala sikuwa na nia ya kujitia katika mambo ya watu. Walakini tangu nifike nimeona kwamba katika Texas hakuna mgeni, kwani kila mwenye pumzi huulizwa kwanza yu upande gani, na asiye na upande hupewa. Mimi nilipewa wenu, pamoja na fulana ya rangi ya damu ya mzee inayonibana kwapani.

Mpira niutajao si ule tuliolelewa nao sisi, bali ni ule wa Kimarekani, ambao huchezwa kwa mikono zaidi kuliko miguu na bado huitwa wa miguu, kwa sababu ambazo sikuthubutu kuziuliza mezani kwa mtu. Jumamosi ya tarehe 11 Novemba mpwa wangu alinipeleka Kyle Field, uwanja ambao hesabu yake rasmi ni watu 102,733, kuitazama timu yenu ikipambana na Mississippi State, nikaiona kwa macho yangu ile ada mashuhuri ya kwamba wanafunzi hawaketi tangu mchezo uanze hata uishe, kwa kumkumbuka kijana E. King Gill, ambaye tarehe 2 Januari 1922, mjini Dallas, wachezaji walipopungua kwa kuumia, aliitwa kutoka jukwaani, akavaa jezi ya watu, akasimama kando ya uwanja tayari kuingia. Na mchezo ukaisha kwa ushindi wa 22 kwa 14 dhidi ya Centre College pasipo yeye kuugusa mpira. Mpwa wangu aliniambia, "Mjomba, wewe mtu mzima, keti tu, hakuna atakayekusema." Nikaona haya kuketi peke yangu kati ya umma uliosimama, nikasimama nao mpaka mwisho, timu ikashinda 51 kwa 10, nikarudi nyumbani na furaha ya kuazima na magoti yangu mwenyewe.

Asubuhi ya Jumapili, nikiwa bado nashuka ngazi kwa kushika ukuta, nikapewa habari kwamba Bwana Jimbo Fisher, mwalimu ambaye usiku wa jana tu nilikuwa nimeisimamia timu yake, ameachishwa kazi. Waheshimiwa, kwetu mke huiogopa talaka akiunguza wali. Huyu alipewa yake asubuhi baada ya kupika biriani iliyoliwa mpaka ukoko.

Nasema talaka kwa makusudi, kwa maana nimeitafuta njia ya kuifahamu kadhia yenu nikakosa, hata nilipoipima kwa mizani ya ndoa ndipo ikaanza kufahamika. Mwaka 2017 mlimposa bwana huyo kutoka chuo cha Florida State, alikokwisha kutwaa ubingwa wa nchi kwa msimu wa 2013, mkamwandikia mahari ya dola milioni 75 kwa miaka 10, pasipo shaka wala sharti; na mkuu wa mfumo wa vyuo vyenu, Bwana John Sharp, akamkabidhi kibao cha ubingwa wa nchi ambacho mwaka wake uliachwa wazi, ili ujazwe siku Mungu atakapojaalia. Nimepata kuwaona wanawake wakishona nguo za mtoto kabla ya mimba, na sikuwacheka, kwa kuwa matumaini hayana haya; ila ninyi, ambao ubingwa wenu wa mwisho ni wa mwaka 1939, mlishona nguo mkaalika na karamu ya arobaini. Kisha ukaja msimu wa 2020, timu ikashinda michezo 9 na kupoteza mmoja, na mwaka uliofuata, mkataba wa kwanza haujafika hata nusu, mkauchana mkaandika mwingine mnono kuliko ule, wa kufika mwaka 2031, na malipo ya zaidi ya dola milioni 9 kwa mwaka. Hakuna aliyekuwa amewatishia kwa panga. Mlikuwa mmeketi kwenye viti vyenu, na maji ya baridi mezani, na mawakili pembeni, mkatia saini.

Sasa tazameni eda yake. Sheria tuliyofundishwa chuoni, kwa maana ya chuo cha Kurani, inamwamuru mume amkimu mtalaka wake kwa muda wa eda, ambao aghalabu ni kama miezi mitatu, na akiolewa na mwingine mzigo humwangukia huyo mwingine. Ninyi mmempa dola milioni 19.2 ndani ya siku 60, na baada ya hapo dola milioni 7.2 kila mwaka mpaka 2031, yaani karibu dola 20,000 kwa kila siku atakayoamka na kupiga mswaki, jumla ya yote ikipita milioni 76. Na fauka ya hayo, akipata kazi mahali pengine hata senti moja haipungui. Mmetueleza, na tumewasadiki, kwamba fedha hizi si za kodi wala si za karo, ila zinatoka katika idara ya michezo na kwa wafadhili waliotoa kwa hiari yao. Basi na iwe heri. Mimi neno langu ni dogo tu, la hesabu ya heshima: kijana Gill alisimama kwa adhuhuri moja pasipo kufanya kazi yoyote wala kulipwa chochote, mkamfanya shujaa wa karne nzima, na sasa mmempata mtu wa pili ambaye hatafanya kazi yoyote, kwa muda wa miaka minane, akiwa ameketi. Sijui yeye mtamwekea ada gani.

Lakini mtalaka si hoja yangu. Kilichonitia kalamu mkononi ni usiku wa Jumamosi ya tarehe 25 Novemba.

Mchana wake mlikuwa mmefungwa na LSU 42 kwa 30, na sisi tulikuwa watu watano mkekani, sinia katikati, bata mzinga aliyebaki tangu sikukuu ya Alhamisi akiwa ametiwa kwenye pilau ili asitupwe. Simu ya mpwa wangu ikaanza kutetemeka juu ya kimeza, ikatetemeka mfululizo hata ikatambaa yenyewe mpaka kwenye bakuli la kachumbari, ikaingia. Akaitoa, akaifuta kwa kanzu, akaisoma, na nikaona uso ukimbadilika kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba. Huyu ni kijana mtulivu. Gari lake lilipoibwa alisema "alhamdulillahi, mimi sikuwamo ndani," akaenda zake kulala. Usiku ule aliliacha tonge katikati ya njia. Mlango ukagongwa, akaingia jirani, naye ni mhandisi mwenye wajukuu aliyehitimu kwenu zamani, yuko na soksi bila viatu, akatamka neno moja tu, "Stoops," kwa sauti ya mtu anayetaja maradhi yasiyotajwa mbele ya watoto.

Habari zilikuwa zimevuja kwamba mmekaribia kumwajiri Bwana Mark Stoops wa Chuo Kikuu cha Kentucky. Nikauliza, kwa ujinga wa mgeni, "Kawakoseeni nini?" Mpwa wangu akasema, "Mjomba, hajatukosea kitu. Hiyo ndiyo balaa yenyewe. Ni mtu wa saba kwa tano." Nikaomba tafsiri, nikaambiwa maana yake ni mtu wa kushinda mechi saba na kufungwa tano, yaani wa wastani, ambaye hakuna haja ya kumtoa mbali. Nikauliza tena Kentucky msimu huu imeshinda ngapi, nikajibiwa saba, imefungwa tano. Na sisi je? Hapo kukapita kimya kidogo, kisha yule mhandisi, akitazama soksi zake, akasema, "Saba. Tano."

Hata hivyo hawakutulia. Waliandika, wakapiga simu, wakawaamsha wafadhili, wakawatafuta na ninyi wenyewe mlipo. Na kwa sauti nilizozisikia ukutani nafahamu kwamba nyumba ya pili nayo ilikuwa ikifanya kazi hiyohiyo, na mtaa wa pili, na miji mingine ambako sikuwapo. Nilipoamka kwa sala ya alfajiri mpwa wangu alikuwa bado macho, sinia bado mkekani, wali umegandamana na mafuta, akanitangazia kwa sauti iliyokauka kwamba Bwana Stoops amesema anabaki Kentucky. Ndoa ilikuwa imevunjwa kati ya magharibi na alfajiri, kabla ya posa kupelekwa, na bwana arusi hajui hata sebule ya ukweni ina mkeka wa rangi gani.

Baadaye nilikwenda kuuliza habari za watu wa zamani, kama ilivyo desturi ya wazee wasio na kazi, nikakuta kwamba njia hii ya kutoka Kentucky kuja kwenu ilikwisha kukanyagwa. Mwaka 1954 mlimtoa huko huko Bwana Paul Bryant, aliyeitwa Dubu, akawachukua vijana wenu kiangazi kile kuwafunza katika kambi ya Junction, katika ukame na jua la kupasua mawe, siku 10, maji ya kunywa wakinyimwa, hata wengi wakatoroka. Na baada ya mateso yote hayo msimu wake wa kwanza akashinda mchezo mmoja katika kumi. Mmoja, Waheshimiwa! Mwaka 1956 akawa bingwa wa ligi yenu ya wakati ule, na ilipokwisha 1957 akaenda zake Alabama, akatwaa huko ubingwa wa nchi mara sita. Nawaza, na naomba mnisamehe kwa kuwaza, kwamba lau simu ya mpwa wangu ingalikuwapo mwaka 1954, yule Dubu asingalimaliza hata Septemba. Na anayeshika leo rekodi ya ushindi mwingi kuliko walimu wote wa Kentucky, aliyeivunja ya Bryant mwenyewe mwaka 2022, jina lake ni Mark Stoops.

Msije mkadhani kwamba nawalaumu watu wa usiku ule. La hasha. Mimi nimefika kuwatetea. Hesabuni pamoja nami: ghadhabu ya umma, iliyokuwa haina elimu, haina insafu, haina viatu, ilimkataa mtu kwa muda wa saa chache, na gharama yake ilikuwa ni simu moja yenye harufu ya kitunguu na sinia la pilau lililoharibika, ilhali hekima yenu, iliyokuwa na wakili na mhasibu na mshauri na muhuri, ilimpenda mtu mwaka 2021 kwa utulivu kamili, na gharama yake ni milioni 76. Ikiwa lazima tuongozwe na ujinga, mimi fukara nauchagua ule wa bei nafuu. Kwa hiyo nashauri wale watu wa usiku waandikwe kazini rasmi, wapewe ofisi ndogo, chai, na viatu, na kila mkataba mnaokusudia kuutia saini uvujishwe kwanza kwao baada ya sala ya magharibi; ukiamka salama, sainini.

Jumatatu ya tarehe 27 mkamtangaza Bwana Mike Elko, aliyekuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Duke, kwa miaka sita na dola milioni 42, na nchi ikatulia. Mpwa wangu akala. Yule mhandisi akaja amevaa viatu. Nikauliza kama huyu si ndiye aliyekuwa msaidizi wa Bwana Fisher kwa upande wa ulinzi, tangu 2018 hata 2021, akila naye chungu kimoja. Nikajibiwa kwamba ndiye, na kwamba hilo ni dalili ya uvumilivu wake. Nami nikasema amina, kwa sababu palikuwa na halua mezani, na mtu hasemi yote yaliyomo moyoni mbele ya halua.

Limebaki ombi moja, la kile kibao. Popote kilipo leo, hakifai kutupwa, maana kimekwisha kuchongwa, na wala hakifai kupewa Bwana Elko, maana ni cha mke mwenza. Jumamosi ile, kabla ya kuingia uwanjani, mpwa wangu alinionyesha makaburi ya mbwa wenu waitwao Reveille, ambao kila mmoja kwa zamu yake huwa na cheo cha juu kuliko kadeti wote, na ambao wamezikwa upande wa kaskazini, wakiwekewa ubao mdogo wa matokeo, wa peke yao, ili hata huko waliko wasikose kujua timu inaendeleaje. Mimi na mbwa tuna mpaka wetu, kwa malezi ya pwani, lakini nilisimama pale kitambo nikiutazama ubao ule. Naomba kibao kiwekwe hapo, chini yake, na nafasi ya mwaka ibaki wazi vilevile. Wale wanaweza kungoja, na hawana simu.

Wenu katika utiifu,
Mtu wa Tanga, mgeni wa Houston