Sasisho la Neema

Boksi la tableti ya bei nafuu pale Base Camp, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, limeandikwa GB 16. Android imeshajimegea sehemu kubwa kabla hujapiga hata picha moja. Usiku linakuja sasisho, linamaliza bando la wiki, na asubuhi unaambiwa nafasi imejaa. Imejaa nini? Usiulize, mgeni aliyeshajikalia sebuleni haulizwi ataondoka lini.

Jirani mjuzi wa yote hakosi dawa: "Iriseti tu, itapona." Ni kweli, inapona. Inawaka haraka, nyepesi, haina picha, haina namba, haikujui. Kisha, kwa kuwa uliiriseti kwa vitufe, si kwa mipangilio, inadai akaunti yako ya zamani ya Google, na msimbo wa kuthibitisha umetumwa kwenye laini uliyoiacha Bukavu.

Memori kadi ndiyo kichekesho chenyewe. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, ukikubali kadi iwe hifadhi ya ndani, inafungwa kwa ufunguo unaokaa ndani ya tableti. Ukiiriseti tableti, ufunguo unafutika. Kadi unayo mkononi, picha za harusi zimo, na hakuna atakayezifungua.

Basi unapanda gari hadi Mbarara. Fundi anaigeuza mara mbili, anaguna: "Hii ni softiwea, mama. Iache, urudi kesho." Nauli ya kesho si yake.

Ndugu msomaji, hamisha picha zako kwanza, ndipo umsikilize jirani.