Barua ya Wazi kwa Mamlaka Husika: Naomba Kusajiliwa Kuwa Gari

Mheshimiwa Mamlaka Husika,
Sanduku la Posta (tumeambiwa litatolewa),
Popote Ulipo.

YAH: OMBI LA KUSAJILIWA KUWA CHOMBO CHA USAFIRI ILI NIRUHUSIWE KUTEMBEA KWA MIGUU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Najua una kazi nyingi, maana kila ofisi niliyoingia kuanzia Maili Moja hadi Mpuyani wameniambia suala langu liko kwako. Mtendaji amesema niwasiliane na mamlaka husika. Mlinzi amesema agizo limetoka mamlaka husika. Bwana aliyejenga ukuta katikati ya njia ya kwendea mtoni amesema kibali alipewa na mamlaka husika. Sijawahi kukuona kwa macho, ila nakuogopa kwa dhati.

Mimi ni mkazi wa Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, mji ambao ukitaka kuiona pwani yenyewe unapanda basi. Kwa kuwa bahari hatukupewa, baadhi yetu tumejitafutia burudani nyingine: Jumamosi tunatembea. Leo tunashika vijia vya upande wa Ruvu, wiki nyingine tunavuka kwenda Kisarawe, tunapanda vilima, tunatokea Pugu tukiwa na vumbi hadi kwenye kope. Hatubebi panga wala msumeno, na hatutafuti viwanja. Tunaangalia tu. Nadhani hilo la kuangalia tu ndilo linalowatia walinzi wasiwasi.

Maana kila penye geti, Mheshimiwa, liwe la shamba, la shule, la msitu au la mradi ambao haujaanza, swali ni hilo hilo.

"Umekuja na nini?"

"Kwa miguu."

"Sawa, lakini umekuja na nini?"

Daftari lina safu ya jina la dereva, namba ya gari, idadi ya abiria na saa ya kuingia. Mlinzi anaitazama safu ya namba ya gari, anaitazama miguu yangu, anapiga simu. Mimi naelekezwa kwenye benchi. Linakuja gari, kioo kinateremka nusu, namba inaandikwa, mnyororo unashushwa, gari linapita, na hakuna anayejua limebeba nini. Mimi nisiye na hata buti nafunguliwa mfuko, nahesabiwa maandazi.

Nimelitafakari jambo hili nikiwa benchini, ambako nafasi ya kutafakari ni kubwa, nikaona mlinzi hana neno. Kaagizwa aandike namba, na mimi namba sina. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu mkubwa, nisajiliwe kuwa gari.

Fomu nimejaza mwenyewe ili nisiipotezee ofisi muda. Aina ya chombo: mtu mzima, wazi, hana milango. Tairi: mbili, za kandambili, na ya akiba iko mfukoni. Nchi kilikotengenezwa: hapa hapa, si mtumba wa Japani. Mmiliki wa kwanza ni mama yangu, wa pili ni mke wangu. Umiliki haukubadilishwa rasmi, lakini mke wangu yuko tayari kuja kutia saini, na amesema ikitajwa bei nzuri yeye hana kipingamizi. Nishati: chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha. Moshi: hakuna, isipokuwa siku ya maharage. Rangi: nyeusi asubuhi, nyekundu kuanzia saa nne, kutegemea vumbi la Kisarawe.

Namba ningependa ianze na T kama za wenzangu. Herufi za mwisho nipewe zozote zilizobaki, sichagui. Kibao kimoja nitakivaa kifuani, kingine mgongoni. Hicho cha mgongoni naomba kiwe na kitaa kidogo, kwa sababu mara nyingine giza hutukuta kwenye vijia vya Kazimzumbwi, na mtu aliye nyuma yangu ana haki ya kujua anamfuata nani. Honi ninayo: nakohoa. Kwenye kona kali nitapiga hodi. Gia ya kurudi nyuma inafanya kazi vizuri sana, wanaweza kushuhudia nyoka wa Pugu.

Bima nitakata. Ndogo inatosha kwenye lami, lakini kwa njia za porini nataka kubwa, inayofidia miiba, siafu na mbwa wa watu wenye kuta. Stika ya nenda kwa usalama nitaibandika kwenye paji la uso. Siku ya ukaguzi nitakuja mwenyewe bila kuvutwa. Wakaguzi walitazame goti la kushoto, linalolia nikipandisha mlima. Leseni ya udereva nitaomba pia, kwa kuwa gari halijiendeshi lenyewe. Hapo serikali itapata faida ambayo haijaipata kwa chombo kingine chochote: kosa moja litatozwa faini mbili, ya dereva na ya gari, na zote zitatoka kwenye suruali moja.

Naiota siku hiyo, Mheshimiwa. Askari wa usalama barabarani atachomoza na tochi yake nyuma ya mwembe pale Picha ya Ndege, atanisimamisha, ataniambia nimezidisha mwendo wa hamsini. Nitalia kwa furaha. Nitamsihi aniandikie, na karatasi ile nitaiwekea fremu sebuleni. Kisha nitaendelea na safari hadi getini. Mlinzi akiniuliza nimekuja na nini, sitasema neno. Nitageuka taratibu, nimpe mgongo asome. Ataandika. Mnyororo utashuka. Nitaingia, nitatafuta maegesho chini ya mkorosho, na nitalipia kila saa nitakayokaa kivulini bila kudai chenji.

Usidhani uhuni huu wa kutembea nimeubuni mimi. Umeanza zamani, na hapa kwetu ulianzwa na watu wazima wenye akili zao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kulikuwa na mwalimu wa historia katika Chuo cha Mtakatifu Fransisko, Pugu, ambaye alikuwa akishuka kwa miguu hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 20, kwenda kwenye vikao vya chama, kisha anarudi kufundisha. Chama kilikuwa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 kikawa TANU. Machi 1955, alipotakiwa kuchagua kati ya chaki na siasa, aliiacha chaki. Jina lake unalijua. Liko kwenye uwanja wa ndege, liko kwenye bwawa la umeme la Rufiji, liko kwenye shule ya uongozi hapa Kibaha, Kwa Mfipa. Kwenye vijia vya Pugu sijaliona.

Namshukuru Mungu kwamba hakukutana na mlinzi wa siku hizi. "Mwalimu, umekuja na nini?" "Nimekuja na hoja." Hoja haina safu. Angekalishwa benchini, simu ingepigwa, mtandao ungekuwa chini, na uhuru wa mwaka 1961 ungesubiri mfumo urudi. Na mtu huyu hakujirekebisha hata alipopewa magari ya serikali: mwaka 1967, akiwa Rais, alitoka Butiama hadi Mwanza kwa miguu kuunga mkono Azimio la Arusha.

Wapo wengine walioacha nyayo huku. Wapagazi waliovuka Ruvu na meno ya tembo mabegani walitozwa hongo na machifu, lakini walau wakishalipa njia walipewa. Wabenediktini walijenga misheni Pugu mwaka 1888, na Januari 1889 ikachomwa katika vita vya Abushiri. Waliokwenda kuichoma hawakwenda na basi. Wanafunzi wa Kiungani, Zanzibar, walihamishiwa Minaki, Kisarawe, mwaka 1925. Kibasila, kiongozi wa Wazaramo wa Kisangire, alinyongwa na Wajerumani wakati wa Majimaji. Dar es Salaam imempa shule, sisi wa huku iliko asili yake tumempa kimya. Hata Waingereza mwaka 1877 walianza kuchonga barabara kutoka Dar es Salaam kupitia Uzaramo, nia yao ifike Ziwa Nyasa, na mwaka 1881 wakaitelekeza. Nadhani huo ndio mradi wetu wa kwanza kuachwa njiani, na mkandarasi hakuulizwa.

Yote haya yako ndani ya mwendo wa miguu. Mtoto wa darasa la sita wa Kisarawe huyasoma kitabuni ili ajibu mtihani. Jaribu kumpeleka akayaone. Utaulizwa barua ya shule. Ukiwa nayo, ya mtendaji. Ukiwa nayo, ya wilaya. Ukiwa nazo zote, unatakiwa namba ya malipo. Namba ikitoka, mtandao hakuna. Mtandao ukirudi, saa ya kufunga imefika. Mtoto anarudi kwao hajaona kitu, na amefundishwa somo moja ambalo hatalisahau: kwamba nchi hii ni ya wenye magari.

Huo si utaratibu. Hiyo ni dharau. Ni dharau kumpekua mzee wa Kizaramo mfuko anapokwenda kuzuru kaburi la babu yake, eti kwa sababu kaburi limeangukia ndani ya uzio wa mtu aliyekuja juzi na ramani. Ni dharau kumfokea bibi mwenye mzigo wa kuni kichwani na kumwita mharibifu wa mazingira. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi umeliwa kwa miongo mingi na mkaa uliokwenda kupika wali wa Dar es Salaam. Magunia yale hayakutoka kichwani mwa bibi. Yalipanda malori, na malori yalikuwa na namba. Safu yenu ilijazwa vizuri kabisa huku miti inaisha.

Naomba radhi kwa ukali wa aya iliyotangulia. Niliiandika nikiwa benchini, na benchi lenyewe lina msumari.

Maombi yangu mengine ni madogo. Huku kwetu kila kiwanja kimeandikwa kwamba hakiuzwi na tuogope matapeli; naomba na vijia viandikwe kwa rangi ile ile: NJIA HII HAIUZWI. Anayejenga ukuta katikati ya njia ya watu atuwekee ngazi pande zote mbili, na upande wa pili afunge mbwa. Kutoka Kimara hadi Kibaha magari yamepewa njia nane kwa kilomita 19.2, sina kinyongo. Naomba ya tisa, ya upana wa watu wawili wanaopishana bila kugombana. Popo wa mashimo ya zamani ya kaolini kule Pugu hutoka kila magharibi kundi zima bila kusaini popote. Naomba waje kutoa semina. Wahenga walisema penye nia pana njia: Kisarawe nia ipo, hiyo njia ndiyo imepimwa viwanja.

Na kuhusu Mwenge wa Uhuru. Tarehe 2 Aprili 2025 uliwashwa hapa hapa Kibaha ukaanza mbio zake za nchi nzima, ukapita kila ulipotaka, milango ikafunguka, hakuna aliyeuuliza umekuja na nini. Kama sharti ni moto, Mheshimiwa, niambie tu. Nitakuja na kibatari.

Najua usajili wangu unaweza kuchukua muda, pengine hadi kamati iundwe na iende kujifunza nje ya nchi namna watu wanavyotembea. Ukiwa bado unatafakari, liko jambo la bei rahisi zaidi. Chukua rula na kalamu, chora safu moja ya ziada kwenye daftari, juu yake andika: KWA MIGUU. Kisha simamisha nguzo chache za mbao zenye maandishi: huku ndiko alikopita Mwalimu akienda mjini, hapa palikuwa na misheni, kule ni kwa akina Kibasila. Rangi tutachanga. Nguzo tutachimbia wenyewe. Zabuni haihitajiki, na natambua kuwa hapo ndipo ombi langu linapoweza kukwama.

Nakutakia kazi njema.

Wako mtiifu,
Mtembea kwa miguu, Kibaha
(namba inasubiriwa)

Nakala kwa wasomaji wote wenye miguu, wa Kibaha, Kisarawe na kwingineko: msisubiri majibu ya barua hii. Njia ya umma haifungwi kwa siku moja. Huanza kwa uzio wa miti, ukaja ukuta, na siku ya kesi ya ardhi anatafutwa shahidi aliyewahi kupita pale, hapatikani. Basi piteni. Piteni kila Jumamosi, piteni na watoto, muwaonyeshe kwa kidole njia inapoanzia na inapoishia, ili siku ya kuulizwa wawepo wa kusema.