Visu Vyetu Vinakonda

Kisu butu kina fadhila moja ambayo hakuna aliyewahi kukisifia: hakipigi kelele. Unakisugua mara mbili tatu kwenye ngazi ya saruji, au kwenye kitako cha kikombe cha kauri pale panapokwaruza, unakata sukuma wiki yako, na jirani hajui kama leo ulinoa au hukunoa.

Boma letu sasa linanoa kwa stima, na Shianda nzima inajua. Mdogo wangu alirudi kutoka Nairobi na mashine ya mawe mawili, moja la kukwaruza na moja la kulainisha, katikati mota. Akaifunga juu ya benchi kwenye veranda yake, ambayo kwa mipango ya marehemu baba inatazamana na dirisha la chumba changu cha kulala. Saa kumi na mbili asubuhi anabonyeza swichi. Stima yenyewe, niseme mapema, inatoka kwenye mita yangu, na tokeni nanunua mimi.

"Kaka, lete hicho kisu."

"Kina makali."

"Hayo si makali, kaka. Hayo ni mazoea."

Ukimpa, umeagana nacho. Kwa stima yetu ya hezi 50, mota ya namna hiyo huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Jiwe lake lina kipenyo cha milimita 150. Piga hesabu utaona ukingo wa jiwe unakimbia zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Matatu hairuhusiwi mwendo huo! Marehemu John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi alizifunga vidhibiti mwendo mwaka 2004, zisizidi 80, na makanga walilia sana. Jiwe la mdogo wangu halina kidhibiti, halina mkanda wa usalama, na dereva wake amevaa miwani ya jua badala ya ile ya fundi, kwa hiyo cheche anaziona, kisu hakioni.

Na kisu kinaungua. Makali ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote, kwa hiyo ndiyo yanayoshika moto kwanza: yanageuka manjano ya majani makavu, halafu zambarau, halafu buluu. Buluu hiyo huja chuma kikikaribia nyuzi 300, na hapo ule ugumu aliotia mfua chuma umekwisha kutoka. Kinachobaki kinanoleka vizuri ajabu. Kinakata nyanya ya kwanza kwa madaha, ya pili kinaiminya. Basi kinarudi kwenye mashine, kinapunguzwa tena. Kisu cha jikoni kwetu, ambacho mama watoto alikuja nacho alipoolewa, sasa kina upana wa kalamu. Mimi nasema kimeuawa. Mama watoto bado anamtetea shemeji yake: "Mulamwa anajitolea jamani, mshukuru."

Msimamo huo ulilegea kidogo siku sufuria yake ilipopelekwa kulainishwa ukingo uliopinda. Sufuria ni alumini, na alumini haifai kuguswa na jiwe la namna hiyo: inayeyuka kidogo, inajaza vitundu vya jiwe, jiwe linang'aa, halikwaruzi tena, linapasha moto tu, na likizidi kujaa laweza hata kupasuka. Sufuria ilirudi na ukingo wa meno. Mama watoto aliitazama kwa muda, akaitia maji, akaiweka chini kwa kuku.

Nashangaa sana kwamba haya yanatokea hapa, nchi ya panga. Kiwanda cha Mumias kilianza kusaga miwa mwaka 1973, na miwa yote hiyo imekatwa na watu wanaotembea na tupa mfukoni. Muwa hukatwa chini kabisa, karibu na udongo, kwa sababu sukari nyingi imelala kwenye shina. Kwa hiyo panga linagongana na mchanga na mawe mchana kutwa. Mkata miwa anasimama, anapitisha tupa mara chache upande mmoja, anageuza, anaendelea. Hajaunguza kitu, na hajatumia tokeni ya mtu. Mwaka huohuo wa 1973, huko Uswidi, ambako muwa hauoti hata kwa maombi, Torgny Jansson alianzisha Tormek, kampuni ambayo mashine zake za maji huzungusha jiwe mara 90 hadi 120 tu kwa dakika, tena jiwe linaoga majini muda wote. Mtu wa nchi ya barafu anaogopa joto la kisu, na sisi wa jua la Kakamega hatuogopi!

Kabla ya stima tulikuwa na fundi wa baiskeli. Anaisimamisha kwenye stendi, anakanyaga pedali, mkanda unazungusha kijiwe kidogo, na miguu yake inachoka kabla chuma hakijapata moto. Hicho ndicho kidhibiti mwendo. Ulimlipa pesa ya chai, akakupa na habari za Makunga bila malipo. Siku hizi anapita langoni kwetu bila kugonga kengele, maana mdogo wangu ametangaza kwamba kwake ni bure.

Bure yenyewe nailipia mimi. Watu wanakuja na majembe, mashoka, makasi ya cherehani, wanapanga foleni, na mtu aliye kwenye foleni ndani ya boma la Muwanga kama mimi ni mgeni, na mgeni hukaribishwa chai. Mke wa mdogo wangu bado yuko Nairobi. Chai inatoka kwangu. Yuko mzee mmoja ambaye panga lake lilishanolewa likaisha, ukabaki mpini, na bado anakuja. Jirani yetu Mbukusu naye ameniomba, kwa sauti ya chini, habari za mashine hii zisivuke kwenda Bungoma kabla ya Agosti ya mwaka wa shufwa, msimu wao wa kutahiri wavulana.

Nilimkumbusha mdogo wangu kwamba hata jiwe lenyewe halijui vizuri: mafundi huligonga kwa mpini wa bisibisi kabla ya kulifunga, likilia wazi ni zima, likilia zito lina ufa. Akasema lake ni jipya, halina haja ya kugongwa.

Juzi, hata hivyo, alikubali kwamba mwendo umezidi. Nikaagiza kuku achinjwe. Tulipofika kwenye firigisi akanieleza dawa aliyoipata: mashine ya pili, ya maji, ya kufungwa ukutani ili benchi libaki la hii ya kwanza. Drili ya kutobolea ameshaiagiza. Jana jioni nilimkuta nje ya chumba changu, amebandika sikio, anagonga ukuta kwa mpini wa bisibisi.