Utamaduni Kati ya Supu na Kuku

Mgeni anayekwenda Serengeti kupitia Bunda huchezewa ngoma hotelini kati ya supu na kuku, akavishwa shuka la Kimasai, akaondoka amehitimu utamaduni wa Mara. Kule Kyoto, Japani, wanagenzi waitwao maiko hufundwa miaka mitano hivi kabla ya kuitwa geisha, na mwaka 2024 wenyeji wa Gion, mtaa wa maiko hao, waliwafungia watalii vichochoro vyao vya binafsi. Mtasema mgeni wetu hana muda. Mbona kwa nyumbu anakaa saa nzima, injini imezimwa? Litungu, ala ya Wakuria wa Mara, lina nyuzi nane. Mpigaji wa hotelini hajamaliza kuzikaza, meneja keshaashiria keki iletwe. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yako Butiama tangu 1999, lakini huko, jamani, hakuna simba.