Waya wa Theluji, Sinza

Hongera, jirani wa Sinza Mori, kwa ekstensheni yako ya mpira, ile isiyokakamaa kwenye baridi ya Kanada. Plastiki ya kawaida huko hukakamaa, ikikunjwa hupasuka. Umejikinga kweli, maana Julai Dar ikishuka nyuzi 20 watu huvaa makoti. Ila ukiuacha waya umejiviringa kama chatu chini ya zulia, ukachomeka pasi na birika pamoja, ampea 13 za plagi zinaweza kupitwa, na joto likakosa pa kutokea. Fundi alisema uukunjue wote. Ukamwonyesha maandishi: unahimili baridi kali. Haya. Theluji tutakuagizia Kilimanjaro, nako waharakishe, inayeyuka.