Kifaru Kilichohamia kwa Adui

Mwaka 1965 Hollywood ilitutolea Battle of the Bulge, filamu ya mapigano ya Ardennes ya Desemba 1944. Vifaru vya Wajerumani, Tiger II, viliigizwa na M47 za jeshi la Hispania. Sasa, M47 ni mali ya Mmarekani, imetengenezwa miaka ya hamsini, na jina lake ni Patton. Ndiyo, jenerali yuleyule ambaye majeshi yake yalivunja mzingiro wa Bastogne katika mapigano hayohayo! Marehemu wa watu kapakwa rangi, kachorewa msalaba mweusi, kisha katumwa akapigane na jeshi lake mwenyewe. Na theluji ya Ubelgiji je? Iliaga mapema. Pambano kubwa la mwisho lilifanyika kwenye tambarare kavu za Hispania, vumbi likitimka kama barabara ya lami iliyoahidiwa wakati wa kampeni.

Waliotengeneza Fury, filamu ya mwaka 2014, angalau walikuwa na adabu: walikwenda makumbusho ya vifaru ya Bovington, Uingereza, wakaazima Tiger halisi iliyotekwa Tunisia mwaka 1943. Nayo, kwa heshima zote, ilikuja kupigwa na Brad Pitt.