Heko kwa Betri Inayogoma

Malenga wetu wamesifu bahari, jahazi, embe dodo na macho ya wapenzi wao, lakini betri ya kamera inayozima saa nane mchana haijapata hata ubeti mmoja. Nimejitolea kulilipa deni hilo. Naisifu leo mbele ya kadamnasi, nikijua fika kwamba wapiga picha wote wa harusi wa Dar es Salaam wanailaani tangu kaskazi inapoanza kuvuma Desemba mpaka masika yanapokuja kutupoza.

Mtu hasifiwi bila nasaba, basi tuanze na ukoo wake. Kamera ya kwanza ya kidijitali iliundwa mwaka 1975 na Steven Sasson, mhandisi kijana wa Kodak huko Marekani. Ilikuwa na uzito wa kilo zipatazo 3.6, ilitumia sekunde 23 kuhifadhi picha moja isiyo na rangi kwenye kaseti, na iliendeshwa na betri 16 za nikeli na kadimiamu. Mwaka 1991 Sony wakaingiza sokoni betri ya ioni za lithiamu, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walioiwekea misingi, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia, Goodenough akiwa na miaka 97. Kitu chenye wazee wa hadhi hiyo ndicho kinachoitwa takataka pale ufukweni Kigamboni, mbele ya bibi harusi na wapambe wake!

Sifa yake ya kwanza ni kujua kikomo chake na kukitamka. Fungua kijitabu cha kamera ya kawaida: mara nyingi utakuta imeandikwa itumike kati ya nyuzi 0 na 40 za Selsiasi. Ndani ya betri yenyewe mna kipimajoto kidogo sana, na ukiitazama ubavuni utaona vibati zaidi ya viwili, kwa sababu vingine kazi yake ni kupeleka habari. Ukiichomeka kwenye chaja ikiwa bado inafukuta, chaja nzuri itapepesa taa na kusubiri. Haibembelezeki.

Watu huisingizia kwamba joto linaimaliza chaji ya siku hiyo. Huo ni uzushi. Baridi kali ndiyo inayoificha chaji ya leo, ukiipasha joto mfukoni inarudi. Joto halina haraka hiyo. Linaiacha betri ichangamke mchana kutwa, huku kemikali zake zikichakaa kwa kasi ndani kwa ndani, na gharama yake inalipwa mwakani. Pale kamera inapozima ghafla ikiwa na mistari miwili ya chaji, haijaishiwa nguvu. Imegoma, na ina haki.

Tazama matunda ya mgomo huo. Maharusi wametoka kanisani, ukumbini ni jioni, na katikati kuna zile saa za picha za ufukweni. Jua liko utosini. Kamera ni nyeusi, inameza joto lote, na kijana aliyeishika anarekodi video ya 4K, kazi inayoichemsha hata ikiwa kivulini. Alama nyekundu ya kipimajoto inawaka kwenye kioo, kisha giza. Mwenyekiti wa kamati anafoka kwamba hela imeshalipwa. Lakini hakuna la kufanya, wote wanajikokota mpaka chini ya mkungu. Bwana harusi anavua koti la suti ya vipande vitatu. Bibi harusi, aliyebanwa na gauni tangu alfajiri, anapewa maji. Matroni anavua viatu. Hata kijana wa kamera anaambiwa, "Kaa basi, kunywa soda." Kama angesema yeye kwamba amechoka, nani angemsikiliza?

Sifa ya pili: haina upendeleo. Mgeni rasmi akishika maikrofoni kwenye banda la bati, akatoka kwenye nasaha akaingia kwenye historia ya maisha yake, ni nani mwenye ubavu wa kumkatiza? MC anamwogopa. Betri haimwogopi.

Sifa ya tatu ni malezi. Kijana aliyekuwa akitupa betri kwenye dashibodi ya gari lililofungwa, ambamo juani joto huweza kupita nyuzi 60, amefunzwa adabu. Siku hizi, betri za akiba anazifunga kwenye kitambaa kikavu na kuziweka kwenye kasha la kupozea, mbali na barafu ili zisilowe. Za lithiamu zisizo na kazi anaziacha nusu ya chaji, mahali penye ubaridi, kwa kuwa betri iliyojaa pomoni ikakaa kwenye joto huzeeka upesi mno. Akitoka kwenye chumba cha kiyoyozi haichomoi kamera haraka. Anaiacha kwenye begi izoee hewa ya nje, la sivyo lenzi itajaa ukungu. Mama yake mzazi alishindwa kumfunza subira kiasi hicho.

Hata uzee wake ni wa wazi. Gesi ikijikusanya ndani, betri inavimba. Ilaze mezani uisukume kwa kidole: nzima inatulia, iliyovimba inazunguka kama pia. Hapo usiitoboe wala usiilazimishe kuingia kwenye kamera, itanasa humo. Imeomba kustaafu.

Wapinzani wangu watasema zipo betri za bei poa, zisizogoma hata kidogo. Kweli zipo, na baadhi hazina hicho kipimajoto, ama zina cha kudanganyia. Hizo ndizo watiifu: zinachapa kazi juani bila neno, mpaka zinavimba, na mara nyingine zinashika moto. Waajiri wengi ninaowajua wangezipenda.

Kwa hiyo naleta hoja. Betri ina kijitabu kinachosema mwisho nyuzi 40, na sote tunakitii. Kijana anayeibeba, mwenye jasho mpaka kwenye soksi, ambaye hajala tangu asubuhi na sahani yake imesahauliwa kwenye bajeti ya kamati, hana kijitabu. Mkataba wake unataja idadi ya picha, albamu na tarehe ya kukabidhi. Kivuli, maji na chakula havimo. Kabla kamati hazijavitia humo, namshauri anunue betri halisi hata kama ni ghali, kwa sababu katika harusi nzima hana mtetezi mwingine.